Mtungi wa Mama Kulwa

Mdogo wangu Devota,

Hamjambo huko Bukoba? Mimi mzima, tena nimenenepa. Nyumba hii ya wasanii hapa Mwanza inanilea kama bibi arusi: nafuliwa nguo, napikiwa sato kila mchana. Mkurugenzi ni mpole mno. Kila nikiusogelea udongo ananiambia, "Pole na msiba, mama. Mwaka wako hapa ni mrefu, pumzika kwanza." Nimepumzika hadi nikaogopa kwamba mikono yangu imezikwa pamoja na Petro.

Kisha mtungi wa maji wa jikoni ukapasuka. Mpishi wetu, Mama Kulwa, akanijia na vigae mkononi. "Dada, wewe si mfinyanzi? Au ulikuja kutumalizia sato tu?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu tumzike mume wangu. Udongo niliukanda mwenyewe. Unakumbuka Petro alivyokuwa akinikandia huku anapiga mluzi? Nilijaribu na mluzi, ukatoka upepo mtupu.

Mtungi ulipoiva, Mkurugenzi aliuweka sebuleni juu ya kitambaa cheupe, akaupa jina "Kilio cha Mjane", wageni wa Dar waje kuutazama. Leo asubuhi kaukuta jikoni, umejaa maji.

"Mama Kulwa! Hii ni sanaa!"

"Ndiyo, bosi, na maji yake baridi. Nikupe?"

Akanywa. Akaomba kikombe cha pili.

Wakumbatie watoto wote kwa niaba yangu. Mpe mama shikamoo yangu, umwambie nafinyanga tena.

Dada yako akupendaye,
Tereza