Kiambaza cha Makuti

Jumatano, baada ya Isha

Na mimi ndiye niliyekitaka! Tangu yule mwalimu wa bara apange nyumba ya jirani, akipanda juu kwake auona uwa wangu wote. Nikamsumbua Bwana Salim hadi akasimamisha kiambaza cha makuti juu ya ukuta, nami nikapanda mwasumini utambae hapo.

Leo asubuhi napepeta mchele, kichwa wazi, mara nasikia mtu akikohoa juu yangu. Nikakimbilia ndani, mchele wote ukamwagika. Mbona hakupiga hodi? Siku zote hupiga hodi kabla ya kupanda, kwa lafudhi yake ya bara, nami hujisitiri.

Adhuhuri Bwana Salim akarudi akicheka. “Nimekutana naye ndiani. Asema kiambaza kipo, hodi ya nini tena? Huonekani sasa, mke wangu. Si ndivyo ulivyotaka?”

Ndivyo. Lakini sasa sijui yuko saa ngapi, hayuko saa ngapi. Makuti yana matundu, na mwasumini wenyewe haujanifika magotini.

Alasiri nimeumwagilia maji nikiwa na buibui, ndani ya uwa wangu mwenyewe.