Mkono Uliotoka Kwenye Plasta

Endamarariek, Jumapili

Baba Devota,

Sisi tu wazima. Maharage ya ngwara tumeshavuna, na ng'ombe amezaa ndama jike. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu watoto wanasikiliza. Mwandiko umepinda, utaniwia radhi.

Siku ya mwisho ya kuvuna niliteleza na gunia mgongoni, nikavunjika mkono wa kulia. Nilikuficha, nikiogopa utaacha kazi huko Mtwara. Kwa wiki sita Devota ndiye aliyepika, na jioni alinisomea daftari lake la sayansi. "Mama, mfupa uko hai," aliniambia. "Seli mpya zinauunga."

Jumanne hospitalini walikata plasta, nikashtuka. Ngozi ilikuwa imepauka na inabanduka kama ganda la kitunguu. Misuli ilikuwa imekwisha, mkono mwembamba kuliko wa Devota.

"Huu ni wangu kweli?" nikamwuliza muuguzi.

Yule mama akacheka. "Mfupa umeunga vizuri. Misuli itarudi ukianza kuutumia."

Akaushika, akawa anaukunja na kuukunjua taratibu, kidole kimoja kimoja. Machozi yakanitoka.

"Unauma?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Nilimdanganya, Modest, haukuuma hata kidogo. Ni miaka miwili sasa hakuna mtu aliyenishika mkono namna ile, na sikutaka auachie.

Kazi usiiache. Omba ruhusa ya wiki moja tu, uje nyumbani.

Mkeo anayekutamani,
Hyasinta