Kafi la Gerson

Jumapili, 6 Oktoba 2024
Kutoka kanisani moja kwa moja mtoni na kayaki. Mume wangu Gerson mbele, mimi nyuma. Ruaha imepungua, yamebaki madimbwi marefu tu. Ndege ndio wanafurahi! Yangeyange kibao, mdiria wawili, furukombe juu ya mti anafoka kama mwenye nyumba.

Kwenye kona Gerson akanipa kafi lake nigonge ubavuni mwa kayaki — ko, ko, ko. Ndivyo anavyowabishia viboko hodi, wainuke, tuwaone, tuwapishe. Akaibuka Mama Sikio, yule mwenye sikio lililochanika. Mgongoni ana mtoto! Gerson akaninong'oneza nisipumue. Nikamwambia na yeye aache kucheka basi. Tukarudi nyuma taratibu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Gerson hayupo tena. Jana alienda peke yake. Saulo, mdogo wake, alikuwa ukingoni, aliona yote. Anasema kaka aligonga, tena mara mbili. Lakini maji yameisha, mnyama hana pa kukimbilia. Kayaki ikapinduliwa, na Saulo aliona sikio lililochanika.

Jamani. Jamani.

Jumanne, 15 Oktoba
Tulizika Jumamosi. Nyumba imejaa watu na mimi siwaoni. Mama mkwe hali chochote. Anarudia neno moja tu: muuaji anakula majani, mwanawe anakula udongo.

Kayaki iko ukutani. Nimeigeuza, siwezi kuiangalia.

Ijumaa, 18 Oktoba
Kwa hawa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Miaka sita nimeolewa, sijauona uso wa mzee Yotamu. Akikohoa uani, mimi natokea mlango wa nyuma. Leo kaja mwenyewe, kasimama nje ya mlango, kaniita. Nikabaki ndani, nyuma ya mlango.

Akasema nimemheshimu miaka yote, leo heshima anaivunja yeye, nimsamehe. Bwana nyama, askari wa wanyamapori, kashinda mtoni siku tatu na bunduki, Mama Sikio anatoa pua tu, anazama. Saulo kagonga debe, wapi! Yule anainuka kwa mlio wa kafi la Gerson. Na anayejua kuligonga kama yeye nimebaki mimi.

Mimi Mhehe wa Ilula, mdomo ninao. Nilitaka kusema ana mtoto, baba. Nilitaka kusema Gerson asingekubali. Nikamsikia mzee analia huko nje. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 19 Oktoba
Niko ukingoni. Tunamsubiri bwana nyama. Palepale kwenye kona yangeyange wanatembea kama hakuna kilichotokea. Namchukia yule kiboko hadi mate yananiwia machungu. Na mtoto wake je? Atanyonya kwa nani?

Mzee Yotamu kasimama mbali, kanipa mgongo. Mila anajaribu kuishika bado. Pikipiki ya bwana nyama ikanguruma, akasahau, akageuka. Nimemwona uso. Mungu wangu, ni Gerson! Gerson na mvi, yule ambaye sitamwona akizeeka.

Bunduki imeshushwa kwenye pikipiki. Saulo ananiita, shemeji panda kayaki. Mama Sikio bado yuko chini, kimya. Kafi nimelishika. Mzee hajanipa mgongo tena, ananitazama mkono.