Figo Zote Mbili Zipo

MAELEZO YA ZIADA YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Chaani. Alhamisi, 18 Machi 1999.

Jina: Mwanasaumu Mwinyihaji. Umri: miaka 54. Kazi: mpika mahamri. Makao: Chaani, Changamwe.

Jumatatu nilikuja hapa nikamshtaki Dishon, dereva mwenzake na mdogo wangu Boga, kwamba ameuza figo ya Boga. Leo nimerudi kwa sababu mambo haya siyaelewi tena.

Boga alikuwa na mshipa mkubwa wa damu uliovimba tumboni. Dishon alisikia kuna madaktari wageni kisiwani, katika hospitali ya binafsi, wanaoutibu bila kupasua tumbo, akampeleka. Mnamo tarehe 10 Machi walimpitishia mpira manenani hadi kwenye ule mshipa, wakamtia na dawa ya kuonyesha njia kwenye picha. Tarehe 12 mchana Dishon alimleta kwangu, maana Boga hana mke. Nililitazama tumbo, zima. Vidonda vilikuwa viwili tu, vidogo, huku na huku manenani. Wallahi nilishangaa.

Dishon akaniambia, "Mama, daktari amesema anywe maji mengi, ile dawa ya picha itoke, isimharibu figo."

Nikamjibu, "Inshallah." Lakini moyoni nilisema, huyu ni dereva, ya vidonda atayajulia wapi. Kwetu kijana akitoka kwa ngariba hunyimwa maji mpaka kidonda kikauke. Ndugu zangu wote marehemu mama aliwauguza hivyo, nami nikimsaidia. Basi Boga nilimpa wali mkavu na samaki wa kuchoma, na maji funda moja moja. Alikuwa akisema, "Dada, nipa maji, koo lanichoma." Nami namwambia, "Vumilia, baba, kidonda kikauke." Na vidonda vilikauka vizuri sana, hata nikajisifu kwa jirani yangu Mastura.

Tarehe 14 asubuhi aliamka uso umevimba, miguu imevimba, na mkojo hautoki. Nikamkimbiza hospitali ya serikali. Daktari akasema figo hazifanyi kazi. Mastura akaniambia, "Tumbo hawakupasua, na figo hazifanyi kazi. Basi wamemtoa figo huko chini, wakaiuza." Niliona ndivyo. Nikaja kwenu kwa hasira, mkamtia Dishon ndani.

Jana daktari alinionyesha picha. Figo zote mbili zipo. Nikamuuliza, basi nani kazidhuru? Akasema dawa ile yaweza kuzidhuru hata kwa mtu anayekunywa, na kukosa maji huzidisha. Hakusema ni mimi, wala hakusema si mimi. Nilikaa pale nikingoja aseme moja, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kinachonichanganya zaidi, sasa wao wenyewe wamemkataza maji. Apimiwa kikombe, kwani hana pa kuyatoa, yatamjaa mapafuni. Jana kikombe kilipokwisha aliniangalia, akasema, "Dada, niongeza." Nilikuwa na chupa nzima kikapuni. Sikumpa. Nililia njia nzima hadi nyumbani.

Dishon hakuiba kitu. Naomba atolewe. Kama kuna wa kushtakiwa, mniambie ni nani, kwa sababu mimi simjui.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu. Nimesomewa, ndiyo niliyoyasema, na nimeweka dole gumba.

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika na kumsomea shahidi, akayakubali. Dishon ameachiliwa kabla ya adhuhuri. Alimkuta shahidi kwenye benchi la nje, akamwamkia, kisha akamuuliza, "Mama, Boga anakunywa maji?"

Koplo Kefa Nzai