Usiing'arishe Saa Hiyo

Njeri mjukuu wangu, sasa?

Huku Kawangware tuko sawa. Mama yako amehamishia saluni karibu na steji ya matatu ya 56 na wateja wamemfuata. Nimekupigia simu tangu asubuhi bila kukupata, kwa hiyo naandika. Kwenye ujumbe wako unasema leo unampelekea fundi saa niliyokupa, aing'arishe kabla yule tajiri wa huko Dubai anayetaka kuinunua hajaiona. Tena unauliza anapendea nini saa kuukuu.

Nilipokuwa mwandishi wa habari kijana, nilimpeleka mkusanyaji wa saa adimu kwa Mzee Ramadhani, Mnubi wa Kibera. Mzee alikuwa na saa ya marehemu babake, aliyekuwa askari, na alitaka kuiuza ili bintiye aende chuo. Siku moja kabla hatujafika, fundi wa mtaa wa Laini Saba aliisugua na kuipaka uso rangi mpya.

Mgeni wangu aliigeuza mara mbili. "Nani ameisafisha?"

"Mgeni haonyeshwi kitu kichafu," Mzee akajibu kwa fahari.

"Mzee, mimi nilifuata huo uchafu. Saa mpya ningenunua dukani. Miaka iliyokuwa usoni mwa hii hairudi."

Akaondoka bila kuinunua. Mzee akanigeukia: "Haya, mwandishi, piga picha yako sasa."

Mimi ndiye niliyemshauri aing'arishe, ili ipendeze gazetini. Njeri, kama fundi hajaifungua, ichukue mikononi mwake, hata akikuita mwendawazimu.

Ni mimi, Guka