Muhuri Niliougonga kwa Mazoea

Jumatatu, 4 Machi
Wewe utakayeliokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Usimsomee mtu, hata mkeo. Nina kazi moja na shingo moja tu.

Leo nimeharibu. Au nimetengeneza — sijui. Hapa masjala ya mahakama, karatasi inayomshtaki Rais haigongwi muhuri. Inaingia droo ya Mkuu wa Masjala, "isomwe kwanza". Haijatoka hata moja. Isipogongwa, haipo. Nami, katikati ya foleni ya talaka na mirathi, nimegonga. Kwa mazoea! Nikaiandika kitabuni: namba 212. Mwenye kesi ni mjane, mshonaji nguo. Watu arobaini waliteswa kambini hadi kufa, mumewe mmojawapo. Amri ya kuwatesa ina saini ya Rais. Alipoibusu nakala yake ndipo nikasoma jina la mshtakiwa.

Jumanne, 5 Machi
Mkuu kafoka mpaka miwani ikamteleza. Futa! Nikasema, mzee, kitabu hakifutiki, kurasa zina namba, na mama wa watu ana nakala. Akakaa. Basi tumekwisha, mwanangu, akasema. Kisha — naapa — akacheka! Eti miaka kumi na tisa alikuwa akimngoja mjinga kama mimi.

Nyumbani, shangazi ninayeishi naye anauliza mbona sili. Nimesingizia jino.

Alhamisi, 21 Machi
Kesi namba 212 imesikilizwa; yenye namba haizuiliki. Ukumbi pomoni. Wakili wa Rais: mkuu wa nchi ana kinga, hashtakiwi, awe amefanya lolote. Jaji, mama mtu mzima, akauliza: kinga hiyo ni ya kiti au ya mtu? Na kiti kinatesa? Wakili akanywa maji. Uamuzi kesho.

Mshonaji alikuwa anapiga pindo shati la kiume. La mume wangu, akaniambia. Akitajwa humu, nataka liwe limekamilika.

Ijumaa, 22 Machi
Kinga haifuniki utesaji! Jaji kasema uhalifu huu ni wa dunia nzima, hakuna cheo cha kujifichia. Rais aitwe kortini kama mtu yeyote. Vigelegele! Mlinzi wa mlangoni, yule asiyecheka, karusha kofia — imenasa kwenye feni, ikawa inazunguka nayo. Jaji kajifanya haoni. Mshonaji kakunjua shati, kalipunga juu kama bendera.

Kisha Mkuu kanishika bega. Utaratibu: hati ya wito hupelekwa na karani aliyesajili kesi. Mimi! Ikulu! Funga tai, bwana harusi, akasema.

Nimepita nyumbani kubadili shati. Shangazi nimemwambia yote. Kumbe jino ndilo hilo! akasema. Anapiga pasi huku anaimba.

Saa nane mchana. Dereva wa mahakama anapiga honi. Sina uwezo wa kuacha kutabasamu. Daftari namwachia shangazi. Sasa msomee umtakaye.

Nisiporudi jioni, nitafuteni hivi: nendeni lango la mbele la Ikulu, si la nyuma. Ombeni kitabu cha wageni, tarehe ya leo. Nitaandika jina langu lote, kwa herufi kubwa. Wakisema sikufika, hesabuni kurasa. Nazo zina namba. Halafu mwambieni Mkuu — honi tena! Nakwenda.