Kwa Nini Tulimng'oa Pweza wa Jeddah

Riyadh, Jumamosi asubuhi

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, nimelala vizuri na chai iko pembeni. Natumaini goti lako limeacha kukusumbua na shemeji amepona kile kikohozi. Mama mdogo je, anaendelea na dawa za presha? Msimwachie aseme mwenyewe kwamba amekunywa. Mkae naye mpaka ameze.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Umesema mtoto wa Mzee Kombo, aliyerudi kutoka Jeddah, anatangaza mtaani kwamba mimi ndiye niliyesababisha pembea za bustani yetu ya michezo kule Jeddah zing'olewe, na kwamba nimehamishiwa Riyadh kwa kosa. Nusu ya maneno hayo ni kweli, dada. Ndiyo maana nimeamua kuandika, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Bustani ile ilikuwa ufukweni kabisa. Upepo ukivuma kutoka baharini, ukijilamba midomo unaonja chumvi. Mashine zake zilikuwa za zamani na watu walizipenda hivyo hivyo. Kulikuwa na kigarimoshi kilichozunguka bustani nzima, na Nyumba ya Majini, ile ya kutishia watu kwa mizimu, ambamo watoto waliingia wakicheka wakatoka wakilia. Halafu kulikuwa na Pweza. Alikuwa na mikono minane ya chuma, kila mkono na kiti chake cha kukalia watu wawili au watatu, na katikati kichwa kikubwa chenye macho yaliyopakwa rangi. Akianza kuzunguka, mikono inapanda na kushuka, na mayowe ya waliopanda unayasikia mpaka barabarani.

Aliyekuwa akimwendesha ni mzee mmoja Myemeni kutoka Hodeida, sote tukimwita Ami Abdo. Alikuwepo kabla yetu wote. Kila mwaka kabla ya sikukuu alipanda ngazi kuyapaka upya yale macho kwa mkono wake, na hakuruhusu fundi mwingine ashike brashi. Mimi nilipofika sijui Kiarabu zaidi ya salamu, yeye ndiye aliyenifundisha majina ya vifaa, na mchana alinigawia mkate wake na maharage. Kwa hiyo unaweza kuelewa ilivyokuwa vigumu.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Eid. Kazi yangu asubuhi ni ukaguzi. Unasafisha chuma, unapaka rangi nyekundu ya majimaji, unafuta, kisha unapuliza unga mweupe juu yake. Chuma kikiwa kizima, unga unabaki mweupe. Palipo na ufa, ile rangi iliyojificha ndani inatokeza. Kwenye mkono wa tatu, pale ulipochomelewa kwenye kitovu, ulitokeza mstari mwekundu mwembamba kama mkwaruzo wa paka. Nikafuta, nikarudia. Ukatokeza tena.

Nilimwita Ami Abdo kwanza, kabla ya mtu yeyote. Aliutazama, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, iache Eid ipite. Amebeba watu miaka yote hii. Siku tatu hazitamshinda."

Nilikwenda kukaa nyuma ya stoo. Nilijua nikisema, Pweza atazimwa katika siku ambazo watu wanakuja kwa ajili yake, na mzee yule atafedheheka mbele ya wenzake. Nikinyamaza, pengine kweli lisitokee lolote. Lakini nilijiona nimesimama pale langoni siku ya Eid nikiwafungia watu mikanda, wakinishukuru, na mimi najua ninachokijua. Nikainuka nikaenda ofisini kwa msimamizi.

Mashine ilizimwa saa ile ile. Wakaja wahandisi wa ukaguzi, wakakuta nyufa nyingine mbili kwenye mikono mingine. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula chuma kutoka ndani, mahali ambapo rangi ya nje haifiki. Tukatafuta vipuri. Kiwanda kilichomtengeneza, huko ng'ambo, kilishafungwa zamani, na hakuna aliyekubali kuchonga mkono mmoja mmoja na kutia saini kwamba ni salama. Halas, basi tena, ikaamuliwa ang'olewe.

Zile pembea nyingine mbili zilizoondolewa hazikuhusiana nami, mwambie mtoto wa Mzee Kombo. Nyumba ya Majini ilifungwa kwa sababu kuta zake zilikuwa za mbao na vitambaa, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Moto ungeshika humo, tungezika. Kigarimoshi kiliondolewa kwa sababu reli yake ilipita mahali palipotakiwa kuwa njia ya waenda kwa miguu. Lakini watu walioomboleza mitandaoni waliziunganisha zote tatu, na bustani nzima ikanitazama mimi.

Ami Abdo aliacha kuongea nami. Salamu aliitikia, kwa sababu ni wajibu, lakini mkate aliula peke yake.

Kabla ya kubomoa, watu walikuja kupiga picha. Mama mmoja wa Jeddah alikuja na binti yake mkubwa, akaniomba wapande mara moja tu. Nikamwambia mafi, haiwezekani. Akaniambia mumewe alipofariki, binti huyu alikaa miezi bila kucheka, mpaka siku alipomleta hapa. Moyo ukanilainika. Kiti kimoja kilikuwa kimeshushwa chini kabisa na kuwekewa magogo, hakiwezi kwenda popote. Nikawafungulia mlango wakakaa ndani yake, umeme umezimwa. Walikaa kama robo saa wakizungumza, na mara nikamsikia yule binti akicheka.

Siku ya kubomoa ilikuja winchi. Mkono wa tatu ulipokuwa ukiteremshwa, ulivunjika wenyewe pale pale kwenye ufa na kuanguka kwenye mchanga, bila mtu chini yake, tunamshukuru Mungu. Ami Abdo alisogea. Akaingiza kidole ndani ya chuma kilichovunjika, kikatoka kimejaa kutu laini kama unga wa ulezi. Kisha akanijia na kile kidole chake chekundu.

"Kiti cha tatu ndicho kinachosimama mbele ya kibanda changu," akasema. "Kila Eid wajukuu zangu nawaweka humo ili niwaone." Akaongeza, "Mimi ningemwacha azunguke, mwanangu. Mungu akulipe."

Mchana ule tulikula pamoja.

Kuhusu Riyadh, sikuhamishwa kwa kosa. Kampuni ina bustani mpya huku na ilihitaji mkaguzi, na msimamizi alilitaja jina langu. Kafili, yaani mdhamini wangu, ni yule yule, na ikama yangu, kibali cha kukaa, haina tatizo. Hewa ya huku ni kavu, chuma hakina maradhi ya pwani, na mashine zikihisi kasoro zinajizima zenyewe. Hata hivyo bado napaka rangi yangu nyekundu kila asubuhi, na vijana wa kompyuta wananicheka. Ijumaa nashuka Al-Dirah sokoni, kuna Mpemba mmoja ana duka la vitambaa, tunakunywa kahawa na kusema Kiswahili mpaka taya zichoke. Namkumbuka Pweza, siwezi kukudanganya. Hizi mpya ni nzuri lakini hakuna anayezipaka macho.

Jumatano mchana Ami Abdo alinipigia. Sasa anaendesha pembea ya farasi wa kuzunguka ya watoto wadogo. Alisema amesikia mlio asioujua chini ya sakafu, akazima, akawashusha watoto, na wazazi wamenuna wamemzunguka. Nikamuuliza anataka nimsaidie nini. Akasema, "Hakuna. Fundi yuko njiani. Nilitaka tu ujue kwamba nimezima."

Nisalimie shemeji, na mama mdogo umbusu mkono kwa niaba yangu. Msalimie mwalimu wangu wa chuo cha ufundi ukikutana naye msikitini, na wifi yetu aliyejifungua, mwambie jina la mtoto limenipendeza. Wanao wote wape pole ya mitihani.

Mungu akuweke, dada, uniombee nami nakuombea.

Mdogo wako anayekupenda,
Athumani